Kabla hujagusa mtutu: kwa vijana wapya wa karakana

Juzi nimeingia karakana nikamkuta kijana wetu mmoja, mwenye mikono mizuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha, amewasha grenda na gobore la watu liko kwenye jiriwa. Nilipiga ukelele mpaka mama chapati wa jirani akaja kuchungulia. Sikumgombeza sana, maana nilichokiona pale nilishawahi kukifanya mwenyewe. Wanangu, someni.

1. Hakikisha halina kitu. Gobore linaweza kukaa darini miaka na miaka, baruti na risasi zikiwa bado ndani. Ingiza mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, mpaka ugote, tia alama ya chaki usawa wa mdomo wa mtutu, utoe, uulaze kwa nje. Ukiishia vidole kadhaa kabla ya pale fataki inapokaa, acha kila kitu uniite. Na lisilo na karatasi ya polisi haliingii mlangoni.

2. Piga picha kwanza, ndipo ufungue. Bisibisi ijae kwenye mfereji wa skrubu. Ile ngozi ya ng'ombe iliyokazwa shingoni mwa kitako usiikate! Aliyeifunga ikiwa mbichi, ikamkaukia pale, ni fundi aliyetutangulia, na ufa ulio chini yake huna cha kuushikia vizuri zaidi.

3. Kutu ni kutu, kahawia ni kahawia. Kutu hai ina rangi ya chungwa na inabaki kidoleni. Ilainishe kwa mafuta mepesi usiku kucha, kisha ikwangue kwa kipande cha shaba, kwa sababu shaba ni laini kuliko chuma. Kahawia iliyoiva, iliyoshikana na chuma, ndiyo ngozi ya mtutu. Iache.

Mimi sikuiacha. Mwaka wangu wa pili kazini, mzee mmoja alileta gobore la babu yake. Ukoo ulikuwa unabishana: hawa wanasema babu alilipata kwa watu wa misafara, kabla Mjerumani hajakaa sawasawa, wale wanasema ni la baadaye sana. Mzee aliniomba nilisafishe tu. Nikataka kumfurahisha. Nikapiga msasa namba 120, nikaja 240, nikamaliza na 400, mtutu ukang'aa kama kijiko kipya. Nikaupaka mafuta, nikauinua dirishani. Ubavuni, karibu na mtambo wa kufyatulia, mwanga ukadaka kitu: sehemu ya chini ya kiduara kirefu kama yai, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na ndani yake mabaki ya herufi tatu, E, L, G.

Ule ni muhuri wa majaribio, alama inayogongwa mtutu ukishajaribiwa na kufaulu, wa Liège, Ubelgiji, mji uliouza Afrika bunduki nyingi mno za biashara. Sasa sikilizeni. Mwaka 1893 muhuri huo uliongezewa taji juu yake. Taji likiwepo, hadithi ya misafara inaanguka. Lisipokuwepo, ina pa kusimama. Jibu la ukoo mzima lilikuwa pale juu ya yai, na pale juu palikuwa peupe. Nimelisugua kwa mkono wangu, huku napiga mluzi. Nilimulika tochi kwa ubavu, nikaweka lenzi, nikabandika karatasi nikapitisha penseli. Hakuna kitu.

Mzee alipokuja nilimweleza yote. Akapitisha kidole gumba pale, akanyamaza, kisha akasema, "Basi mwanangu, tutaendelea kubishana." Akanilipa fedha yote. Fedha ile ilinichoma, na mpaka leo kila mtutu unaoingia hapa naanza kwa kuutafuta muhuri.

4. Mti. Vanishi kuukuu itoe kwa spiriti na kitambaa. Magadi makali yanaunguza mti. Msasa usifike kwenye kingo za pale mtambo unapokaa: mti ukishuka chini ya chuma, haupandi tena. Mafuta ya kitani, matone machache kwa kiganja, na siku nzima kati ya mpako na mpako. Matambara yake yatandaze nje yakauke, usiyarundike, yanajiwasha yenyewe.

5. Kahawia mpya tunautia mtutu uliokwisha kuharibiwa na wengine tu, na kazi hiyo tutaifanya pamoja.

Grenda nimeifungia kabatini. Anayeihitaji kwa kazi ya mageti aje achukue ufunguo kwangu.