Unapasuliwa na Una Mbwa? Usimgawe

Kijana mmoja wa Wete, Pemba, kaniandikia wiki hii. Mwezi ujao anapasuliwa ngiri, ana mbwa wa kulinda shamba, na kwao wote, kuanzia mama mpaka majirani, wamemshikia bango amgawe kabla hajaingia hospitali. "Ami, wewe ulifanyaje?" Nitamjibu hapa hapa, maana najua hayuko peke yake. Tunaofuga mbwa visiwani tunajuana, na tunavyotazamwa tunajua.

Mimi niko kusini Unguja. Mbwa wangu anaitwa Tutaona. Jina la kijembe, ndiyo, na aliyekusudiwa analijua. Kazi yake ni muhogo wangu: usiku nguruwe, mchana kima. Bila yeye nalima, kima wanavuna. Ndani ya nyumba haingii, hajapata kuingia. Ana banda lake nyuma, upande wa jikoni, na chombo chake cha kulia hakitumiki kwa kitu kingine.

Opresheni yenyewe sina la kuhadithia. Nililazwa, nikapasuliwa, nikarudi nyumbani nimejifunga kikoi kwa sababu suruali ilikuwa haivaliki. Daktari alinipa masharti: wiki sita usinyanyue kizito, tembea kidogo kidogo kila siku, ukikohoa kandamiza mto juu ya mshono, kula papai choo kisiwe kigumu. Mbwa hakumtaja. Angejuaje kwamba kwangu kuna dume likiniona linanirukia mpaka kifuani?

Hilo nililipanga mwenyewe mapema. Mtoto wa dada yangu alianza kumlisha Tutaona kabla sijaondoka, wakazoeana. Siku ya kurudi nilikuta mbwa kafungiwa bandani. Nikakaa kwanza kwenye kiti, mto tumboni, ndipo kijana akamleta kwa kamba, taratibu, akanusa viatu vyangu, akanusa kikoi, harufu ya hospitali ikamtia wasiwasi akarudi nyuma. Kisha mkia ukaanza. Sikumsemesha mpaka alipotulia. Ukimwita kwa furaha atakurukia, na akikurukia umekwisha.

Kilichonitesa zaidi ni kuinama. Kumwekea mbwa chakula ni jambo dogo mpaka siku una nyuzi kinenani. Nilichukua kata kuukuu ya mtungini, mpini wake nikaufunga kwenye fimbo ya mpera, sufuria ikawekwa juu ya kibao kirefu. Basi nachota ukoko na vichwa vya dagaa nimesimama wima, namwagia kwenye bati lake chini. Mwenzangu alicheka mpaka akashika ukuta. Acheke. Mimi nilimlisha mbwa wangu mwenyewe, na mshono haukufunguka.

Kutembea nako kunafaa, lakini kamba usishike wewe. Kijana alitangulia na Tutaona, mimi nyuma na bakora. Asubuhi moja kima akashuka mwembeni, mbwa akachomoka, kamba ikamtoka kijana mkononi pamoja na ngozi kidogo ya kiganja. Sasa fikiria kamba ile ningekuwa nimeizungusha mkononi mwangu, au nimeifunga kiunoni kama wafanyavyo wengine. Narudia: kamba usishike wewe.

Na kidonda kisikaribiwe na ulimi. Kwa sisi Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa hiyo ndoo ya udongo safi haikuondoka karibu na bomba. Hata ukiiweka fikihi, yaani sheria ya dini, pembeni, mdomoni mwa mbwa mna vijidudu ambavyo havitakiwi kwenye mshono. Kidonda kifunikwe, mikono ioshwe kwa sabuni kabla hujagusa bendeji. Hayo tu.

Lililoniuma si kidonda. Kuna watu niliosali nao bega kwa bega miaka mingi, na nilipolala hawakuja. Mmoja alisimama barabarani, akapiga kelele "Unaendeleaje?" akapita. Mwingine akatuma maneno kwamba nyumba yenye mbwa malaika hawaingii. Bwana, mbwa yuko bandani, nyumbani niko mimi! Na shemeji yangu, nikiwa bado hospitali, alikuja na gunia kumchukua Tutaona akamtupe mbali. Dada yangu ndiye aliyesimama mlangoni. Nimeshasamehe, au nasema nimesamehe.

Lakini tuambizane ukweli. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, haikuandikwa "isipokuwa mwenye mbwa." Mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa. Katika Suratul Kahf mbwa wa wale vijana waliolala pangoni anatajwa kanyoosha miguu yake pale kizingitini. Na yule wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatuni kumnywesha mbwa mwenye kiu, alisamehewa. Tunayasikia haya darsani, tunatikisa vichwa, tukitoka tunamrushia mbwa mawe. Tumche Mungu, jamani. Kiumbe akikutumikia, siku ya shida usimtupe.

Sasa wewe wa Wete. Tafuta wa kumlisha leo, usingoje usiku wa kuamkia hospitali. Banda liwe na mlango unaofunga. Wageni wapitie mbele, mbwa akae nyuma, mwenye kutaka kuja asipate kisingizio. Muite daktari wa mifugo ampige chanjo ya kichaa cha mbwa ikiwa mwaka umepita, kwa sababu wakati umelala watakaomshughulikia ni watu asiowazoea. Akimng'ata yeyote, hata kidogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona. Kadi ya chanjo iweke pamoja na karatasi zako za opresheni, na umwoneshe dada au mama ilipo. Shemeji wa aina ya wangu akija na gunia, la kwanza atakalosema ni kwamba mbwa huyo ana kichaa.