Kufundisha Uhandisi wa Miundo na Usanifu Majengo kwa Pamoja

Makerere, shahada ya usanifu majengo ni miaka 5 na ya uhandisi wa ujenzi ni miaka 4. Ukitaka kufundisha zote mbili huna haja ya kuzisoma zote miaka 9. Chukua moja, ifanyie kazi saiti hadi usajiliwe, kisha soma uzamili upande wa pili. Uzamili huo hauwi ruhusa ya kusaini michoro ya fani nyingine: Uganda wahandisi wana bodi yao ya usajili, wasanifu nao wana yao. Kwenye wasifu wako andika wazi umesajiliwa wapi.

Kinachoharibu ufundishaji ni kutenganisha hesabu na mchoro. Mwanafunzi anakokotoa boriti vizuri darasani, halafu studio anachora ukumbi wa mita 12 usio na nguzo hata moja katikati. Dai nguzo zionekane tangu mchoro wa kwanza wa penseli. Kwa boriti ya zege iliyokaa juu ya nguzo mbili, mpe makadirio ya kuanzia: gawanya urefu kwa 12. Mita 6 zinataka kina cha milimita 500. Mita 12 zinataka mita nzima. Kama sakafu hadi sakafu ni mita 3, chini ya boriti hiyo zinabaki mita 2 tu. Akichora mkato, yaani jengo kama limekatwa wima toka juu hadi chini, ataliona hilo mwenyewe, na hapo ndipo hesabu inapomwingia.

Jaribio moja linafaa kuliko mihadhara mingi. Tafuta kipande cha mbao cha mita 1, upana milimita 30, unene milimita 6. Kilaze juu ya matofali mawili yaliyoachana sentimita 40, pima kilipo katikati, kisha tundika chupa ya maji ya nusu lita na upime tena. Sogeza matofali hadi sentimita 80, urudie. Wengi hutabiri kitanepa mara mbili. Kitanepa karibu mara 8. Usisahau kupima kabla ya kutundika chupa, maana mbao hunepa kwa uzito wake wenyewe. Sasa kisimamishe kwa ubavu: ugumu wake unakuwa mara 25. Kitataka kuanguka upande, kwa hiyo kishikiwe miishoni, na hilo nalo ni somo.

Wapeleke saiti kabla ya zege kumwagwa, hasa panapojengwa roshani. Nondo zake kuu hukaa juu, kwa sababu juu ndiko kunakovutwa. Mafundi wakizikanyaga zikashuka milimita 50 katika slabu ya milimita 150, roshani inapoteza takriban asilimia 40 ya nguvu zake, na zege likishakauka huwezi kuliona kosa. Waonyeshe vyuma vya kuzishikilia nondo, na wavikague kimoja kimoja.

Usikwepe matetemeko. Tooro, magharibi mwa Uganda, ilitikiswa 1966 na tena 1994. Duka lililo wazi chini, na kuta za matofali zikiwa zimejaa ghorofa za juu, huacha nguzo za chini zibebe msukosuko wote. Mwanafunzi wa usanifu anafanya uamuzi huo mapema mno, kabla mhandisi hajaitwa.

Upande wa alama, kaa na mwalimu wa fani ya pili mbele ya mchoro uleule, siku ileile. Nguzo ikihamishwa, mwanafunzi airekebishe kwenye ramani ya kila ghorofa, kwenye mkato na kwenye msingi kabla ya kupewa alama.