Wasomaji Wauliza: Nyumba Inakuwa Yako Lini?

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu zinahusu nyumba nchini Uingereza, na karibu zote zinarudi kwenye swali moja: ni saa ngapi hasa mtu anakuwa amefungwa na sheria, na ni saa ngapi anakuwa na haki ambayo hanyang'anywi. Nimechagua barua nne. Katika kununua na kuuza, Wales inafuata misingi hii hii, ila ina kodi yake ya kununua nyumba na sheria zake za upangaji. Uskoti ina utaratibu wake kabisa, kwa hiyo aliyeko Glasgow asiutegemee ukurasa huu.

Swali: Mimi na mke wangu tulitoa ofa ya pauni 285,000 kwa nyumba moja hapa Leicester. Dalali alitupigia simu kuwa mwenye nyumba amekubali, akatutumia na barua pepe ya pongezi. Tukamlipa mkaguzi wa majengo, tukamlipa wakili. Wiki ya saba tukaambiwa amepatikana mtu wa pauni 293,000 na nyumba anauziwa yeye. Barua pepe tunayo. Je, tunaweza kushtaki? *Msomaji, Leicester*

Jibu: Poleni sana, ndugu zangu. Natamani ningekuwa na jibu jingine, lakini kesi hamna. Sheria iliyotungwa mwaka 1989 inasema, katika kifungu chake cha 2, kwamba mkataba wa kuuza ardhi au nyumba ni lazima uwe wa maandishi, masharti yote waliyokubaliana wahusika yawe ndani ya waraka, na pande zote mbili zitie sahihi. Pasipo hayo, hakuna mkataba mbovu wala mkataba nusu. Hakuna mkataba kabisa. Barua pepe ya dalali haina masharti yote wala sahihi za pande mbili, na barua za namna hiyo kwa kawaida hubeba maneno yanayosema wazi kwamba makubaliano yanangoja mkataba. Maneno hayo machache yamewekwa makusudi ili asiwepo mtu aliyefungwa.

Saa ya kufungwa inakuja baadaye, na inafaa niieleze kwa ukaribu kwa sababu wanunuzi wengi hawaioni. Mkataba huandaliwa nakala mbili zinazofanana; muuzaji anatia sahihi moja, mnunuzi nyingine, na kila nakala inakaa kwa wakili wa aliyeitia sahihi, bila tarehe. Siku ikifika, mawakili hao wawili wanapigiana simu, wanahakikisha kwamba nakala zinalingana neno kwa neno, wanakubaliana kuwa sasa zimebadilishana, kisha kila mmoja anaandika tarehe na kuweka kumbukumbu ya saa. Mnaweza kuwa kazini wakati huo. Lakini simu ile ikishakatwa, muuzaji hawezi tena kumpa mwingine nyumba bila kuvunja mkataba, nanyi hamwezi kughairi bila kupoteza arubuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei. Kwa nyumba yenu ingekuwa pauni 28,500. Chini ya masharti ya kawaida yanayotumiwa na mawakili, hatari ya nyumba kuungua nayo inahamia kwa mnunuzi tangu dakika hiyo, ingawa funguo bado hana. Bima basi ianze siku hiyo hiyo, isingoje siku ya kuhamia.

Siku ya kukamilisha mauzo ndiyo siku ya kulipa salio na kupokea funguo. Hata hapo jina lenu bado halijaingia mahali linapotakiwa, kwa kuwa umiliki kisheria unahamia pale Masjala ya Ardhi inapoandika jina la mnunuzi kwenye daftari lake, kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2002. Ritani ya ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali ya kununua nyumba, nayo ipelekwe, na ushuru ulipwe, ndani ya siku 14 tangu mauzo kukamilika. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, nyumba ya pauni 285,000 inatozwa pauni 4,250, ila anayenunua nyumba ya kwanza maishani mwake halipi kitu mpaka pauni 300,000. Ikiwa ninyi nyote wawili hamjawahi kumiliki nyumba popote duniani, msamaha huo ni wenu. Lakini mmoja wenu akiwa na nyumba, hata kama iko nje ya Uingereza, msamaha umepotea, na huenda mkadaiwa ushuru wa ziada wa asilimia 5 kwa kuwa na nyumba ya pili. Jambo hili la nyumba iliyoko nje husahauliwa mno katika jamii yetu, nami naomba msimfiche wakili wenu.

Mtakapopata nyumba nyingine, kabla hamjamlipa mkaguzi, mwombeni muuzaji atie sahihi ahadi ya kutozungumza na mnunuzi mwingine kwa muda maalumu, tuseme wiki nne, nanyi mumwahidi kuwa tayari kubadilishana mikataba ndani ya muda huo. Ahadi ya namna hiyo mahakama inaitambua, mradi muda wake umetajwa na kila upande umetoa kitu. Haimlazimishi kuwauzia ninyi, lakini akiivunja mnaweza kumdai gharama mlizopoteza.

Swali: Mimi na ndugu yangu tunanunua nyumba pamoja. Mimi natoa pauni 60,000 za mwanzo, yeye 20,000, na mkopo wa benki tutalipa sawasawa. Sisi ni Waislamu, na kila mmoja ana watoto. Tuandikishe vipi? *Msomaji, Birmingham*

Jibu: Ndugu yangu, umeuliza kabla ya kutia sahihi, na hilo limenifurahisha, kwani wengi huuliza msibani.

Kuna njia mbili. Katika ya kwanza, ninyi wawili mnahesabiwa kama mtu mmoja mbele ya nyumba: hakuna fungu la huyu wala la yule, na mmoja akifariki nyumba yote inabaki kwa aliye hai papo hapo. Wosia haufui dafu mbele ya kanuni hii. Hata uandike wosia wa mirathi sawasawa na dini inavyoelekeza, nyumba haitaingia ndani yake, na watoto wako watabaki kwenye huruma ya ami yao. Katika njia ya pili kila mmoja ana fungu lake, sawa au tofauti, na fungu hilo linaingia katika mali anayoiacha. Kwa maelezo uliyonipa, njia ya pili ndiyo yenu, pamoja na wosia kwa kila mmoja.

Sasa angalia fomu ya kuhamisha umiliki, inayoitwa TR1. Kisanduku cha 10 kinauliza swali hili hasa, na kina mahali pa kuandika mafungu. Wako wanaokiacha kitupu kwa kuoneana haya, eti sisi ni ndugu. Mwaka 2007, katika kesi ya Stack dhidi ya Dowden, majaji wa juu kabisa walilazimika kupekua miaka mingi ya maisha ya watu wawili waliokuwa wakiishi pamoja, nani alilipa bili gani na nani aliweka akiba wapi, mpaka wakafikia asilimia 65 kwa mwanamke na 35 kwa mwanamume, kwa sababu hati yao haikusema mafungu. Mistari miwili ya wino ingeyamaliza yote hayo.

Swali: Nataka kununua fleti London. Bei ni nzuri kuliko zote jirani, ila dalali anasema imebaki na miaka 78. Miaka 78 ya nini? Mimi mwenyewe nina miaka 41. *Msomaji, London*

Jibu: Dada yangu, bei ni nzuri kwa sababu ya hiyo miaka 78.

Tangu mwaka 1925 sheria ya Uingereza inatambua aina mbili tu za umiliki kamili wa kisheria wa ardhi: milki huru, isiyo na mwisho, na milki ya kukodi, ambayo ni haki ya miaka inayohesabika. Fleti karibu zote ni za aina ya pili. Unachonunua ni miaka iliyobaki, na ikiisha fleti inarudi kwa mwenye milki huru. Ni kweli kwamba wewe binafsi huenda usiifikie siku hiyo, lakini mnunuzi wako wa baadaye na benki yake wanahesabu miaka hiyo kwa jicho kali, na benki nyingi husita miaka inapopungua.

Mstari wa hatari ni miaka 80. Sheria ya mwaka 1993 inampa mwenye fleti haki ya kuongezewa miaka 90 juu ya iliyobaki kwa kulipa fidia. Chini ya kanuni za sheria hiyo, miaka ikishapungua 80, fidia inapandishwa na nusu ya thamani ambayo fleti inaongezeka kutokana na nyongeza yenyewe, na hapo fedha zinaweza kuwa nyingi sana. Bunge lilipitisha mwaka 2024 sheria ya kuifuta hesabu hiyo na kutoa miaka 990, lakini vipengele vyake havikuanza kutumika vyote kwa pamoja, kwa hiyo wakili akupe hesabu ya siku unayonunua. Kilichokwisha kuanza, tangu Januari 31, 2025, ni kwamba huhitaji tena kumiliki fleti kwa miaka miwili ndipo uombe nyongeza. Pata makadirio ya gharama hiyo kwanza, kisha uitoe kwenye bei unayompa muuzaji.

Uliza pia kodi ya ardhi, yaani ile anayolipwa mwenye milki huru kila mwaka. Mikataba mipya mingi iliyotolewa tangu Juni 30, 2022 hairuhusiwi kudai zaidi ya punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, na sheria kweli inataja punje ya pilipili. Maana yake ni bure. Mkataba wako ni wa zamani, kwa hiyo soma kama kodi hiyo hupanda, na hupanda kila baada ya miaka mingapi.

Swali: Nimepanga chumba chenye jiko na bafu vyake, peke yangu, mwenye nyumba haishi hapa. Karatasi niliyotia sahihi imeandikwa "leseni", na anasema kwa sababu hiyo mimi si mpangaji, anaweza kubadilisha kitasa wakati wowote. Amana yangu anayo mfukoni. *Msomaji, Reading*

Jibu: Jina la juu ya karatasi haliamui kitu. Mwaka 1985, katika kesi ya Street dhidi ya Mountford, Jaji Templeman alieleza kwamba mtu akitengeneza chombo cha kuchimbia chenye meno matano ametengeneza jembe la uma, hata kama yeye anashikilia kuwa ni sepetu. Ukiwa na makao ambayo una haki ya kumzuia mtu yeyote kuingia, pamoja na mwenye nyumba, kwa muda maalumu au wa mwezi hadi mwezi, na unalipa kodi, basi kwa kawaida wewe ni mpangaji. Hali ingekuwa tofauti kama angekuwa anaishi humo na mnatumia jiko moja.

Kukubadilishia kitasa bila amri ya mahakama ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1977. Kuanzia Mei 1, 2026, kwa Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025, mwenye nyumba binafsi hawezi tena kutoa notisi ya kukuondoa bila kutaja sababu inayotambuliwa na sheria. Amana nayo haipaswi kuzidi kodi ya wiki tano, ikiwa kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000, na alitakiwa kuiweka katika mpango ulioidhinishwa wa kulinda amana na kukupa taarifa zake ndani ya siku 30 tangu aipokee. Kama hakufanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru akulipe kati ya mara moja na mara tatu ya kiasi cha amana, mbali na amana yenyewe. Mwandikie leo, kwa barua yenye tarehe, umwulize amana iko katika mpango upi, na nakala ya barua hiyo uihifadhi pamoja na karatasi za benki zinazoonyesha kodi uliyolipa kila mwezi.