Kwa mnaoanza kuvunja polima kwenye mas-spek (mashine ya kupima masi za molekuli)

Madogo mnaoingia maabara, msikurupuke kuvunja ioni (molekuli yenye chaji) kabla hamjapiga hesabu ya spektra ya kwanza, yani mchoro wa piki za masi. Mtu kaweka sampuli ya PEG (polima ya polyethylene glycol), piki zimejipanga vizuri, huyoo anakimbilia MS/MS (kuvunja ioni moja na kupima vipande vyake), ukimuuliza hii piki ya 921.5 ni nini anakodoa macho. Na hesabu yenyewe nyepesi tu: piki hadi piki ni 44.03, hiyo ndo monoma (kipande kinachojirudia kwenye mnyororo), zidisha mara 20 unapata 880.5, inabaki 41, toa sodiamu 23 (ndo iliyoushika mnyororo na kuupa chaji) inabaki 18, yani H ncha moja na OH ncha ya pili. Ncha umeshazijua na hujavunja kitu.

Sa kuvunja nako kuna kazi yake. Chukua piki ya 949.6, ukitoa monoma 20 na sodiamu inabaki 46, inaweza kuwa mnyororo wenye metili ncha zote mbili, au etili huku na OH kule, atomi ni zilezile kwa idadi ileile, kwahiyo hata uwe na Orbitrap (mas-spek ya usahihi mkubwa) masi peke yake haikutenganishii. Hapo ndo unaichagua hiyo ioni, unaigonganisha na argoni au naitrojeni, vipande vinatoka kwa mifululizo, vingine vimebaki na ncha ya kushoto vingine ya kulia. Wa metili mbili vipande vya kushoto na kulia vinafanana, wa etili na OH vinatofautiana. Ila unaweza ukakuta vyote viwili vimo kwenye chupa moja, usishangae.

Kitu watu wanadharau ni chumvi inayoleta hiyo metali ya kushika mnyororo. Potasiamu inashikilia PEG kwa ulegevu, ukiigonga inachomoka yenyewe unabaki na piki ya 39 ambayo haikwambii chochote kuhusu mnyororo, lithiamu inang'ang'ania na vipande unavipata. Halafu sodiamu na potasiamu zinapishana 15.97, wengi wanaandika eti polima imeoksidika (oksijeni ni 15.99 jamani, angalieni desimali!). Polistairini ndo kabisa haina oksijeni ya kushikwa na sodiamu, wekeni chumvi ya fedha, na kwa kuwa fedha ina 107 na 109 karibu nusu kwa nusu, bana dirisha la kuchagua ioni uchukue moja, la sivyo kila kipande chenye fedha kitakuja pacha.

Blanki (kupima bila sampuli) nayo muhimu, sabuni nyingi zina jamii ya PEG, ukiona piki zinapishana 44 kwenye sampuli isiyo na PEG anza kwa kukagua vyombo.