Mdogo wako hajalogwa: traumatizimu ina tiba, na mimi nimeipitia

Dada, umeandika kutoka Bukavu kwamba tangu mapigano ya mwanzo wa 2025 mdogo wako halali, pikipiki ikilia vibaya anajitupa chini, sokoni hafiki tena, na watoto wanamwogopa kwa ukali wake. Nyumbani wengine wanasema amelogwa, wengine wanampeleka kwenye chumba cha maombi, na kijana wa farmasi anamuuzia Valium, vidonge vya kutuliza na kulaza. Unauliza kama kuna tiba ya kweli. Ipo. Mimi ni fundi cherehani hapa Ndosho, Goma. Niliugua ugonjwa huu huu baada ya mabomu ya Januari 2025, na leo nashona.

Kwanza hilo la kulogwa. Hayo uliyoyaeleza ni ugonjwa unaojulikana: traumatizimu, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha (kwa Kiingereza PTSD). Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi kwenye orodha yao mwaka 1980, hasa kwa sababu ya askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam, lakini hauchagui askari. Humpata aliyebakwa, aliyenusurika ajali, hata aliyekimbia volkano. Nina jirani aliyetoka Buhene, kaskazini mwa Goma, usiku wa tarehe 22 Mei 2021, lava ya volkano ya Nyiragongo ikishuka. Hadi leo anga la kaskazini likiwa jekundu juu ya Nyiragongo, anafunga nguo za watoto kwenye kitenge na kutaka kuanza safari ya kukimbilia mji wa Sake. Anajua kabisa kwamba mwanga ule peke yake si hatari. Kujua hakumsaidii, kwa sababu mwili umeshaanza kukimbia.

Baada ya tukio baya, wiki za mwanzo karibu kila mtu hushtuka na kuota ndoto mbaya, na wengi hupona bila kutibiwa na mtu. Ikipita mwezi mmoja na bado tukio linarudi lenyewe mchana na usiku, mtu anakwepa kila kinachomkumbusha, moyo umekuwa mgumu au umejaa hatia, na mwili uko macho saa zote, hapo anahitaji msaada. Ukali wa mdogo wako kwa watoto unatoka hapo. Si tabia mpya aliyoichagua.

Nilivyoelezwa, na nilivyohisi mwenyewe, ni hivi. Wakati wa hatari kubwa, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hofu hufanya kazi kupita kiasi, na ile inayopanga matukio kwa saa na mahali hushindwa kufanya yake. Kwa hiyo kumbukumbu inabaki kama kitambaa kilichokatwa bila kushonwa: harufu huku, mlio kule, jasho mgongoni, bila tarehe. Kipande kimoja kikiguswa, mwili unaamini jambo linatokea sasa hivi.

Kinachoulisha ugonjwa huu ni kukwepa. Hili nalisema kwa mkazo maana familia nyingi, kwa upendo kabisa, zinamsaidia mgonjwa kukwepa. Hataki soko, basi mmoja ananunua kwa niaba yake. Hataki mlango wa mbele, basi wote wanapita nyuma. Siku hiyo anapata nafuu, lakini kesho hofu imeongeza chumba kingine. Mimi niliacha kushona. Nilisema macho yameharibika, wateja wakachukua vitambaa vyao, na nyumbani njaa ikaanza.

Sasa tiba. Mama aliyenihudumia alitandika mkeka, akanipa kamba ndefu, akaniambia ni maisha yangu tangu kuzaliwa. Ile iliyobaki ikunjwe pembeni, ndiyo miaka ijayo. Kwa kila jambo zuri niliweka ua, kwa kila baya jiwe. Ndoa, ua. Cherehani ya kwanza, ua. Januari 2002, volkano iliyochoma mji nikiwa mtoto, jiwe. Januari 2025, jiwe kubwa kuliko yote. Siku zilizofuata tulipita kamba ile kwa mpangilio, na kwenye lile jiwe tulikaa sana. Hakuniruhusu kuruka. Ulikuwa umesimama wapi? Ulisikia nini kwanza? Moyo ulikuwaje? Na sasa, hapa kwenye mkeka, moyo ukoje? Aliandika yote, na tulipokutana tena alinisomea, nikasahihisha, tukaendelea.

Ndipo nilipokumbuka kwamba bomu lilipoangukia nyumba ya pili kutoka kwetu, mkononi nilikuwa nimeshika mkasi, na uliangukia meza kwa kishindo. Macho yangu hayakuwa na shida yoyote. Ni sauti ya mkasi mezani niliyokuwa naikimbia, nami sikujua. Nililia siku ile, nikatetemeka, na nililala vibaya. Uwe tayari kwa hilo: katikati ya tiba mtu anaweza kuonekana amezidiwa, na familia zikashawishika kumtoa. Msimtoe. Kadiri tulivyorudia, hofu ilipungua, mpaka ikawa habari ya kusikitisha ya siku fulani, yenye mwanzo na mwisho.

Kuna njia nyingine pia. Kuna tiba ya kikundi, ambapo watu huchunguza pamoja mawazo yaliyobaki baada ya tukio, kama "ni kosa langu" au "hakuna wa kuaminiwa". Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Kivu hapa hapa, na wanawake waliobakwa au kushuhudia ubakaji. Walioongoza vikundi walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa kawaida waliofundishwa, si madaktari. Waliopitia vikundi walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliopewa ushauri wa kawaida wa mmoja mmoja, na nafuu hiyo ilikuwapo bado miezi 6 baadaye. Kwa hiyo usikate tamaa kwa kusikia kwamba madaktari wa akili ni wachache. Wapo wengine waliofundishwa.

Lakini awe amefundishwa kweli. Kumkalisha mtu mbele ya kanisa au mbele ya wajomba na kumwambia "sema yote leo, yaishe" ni kumwumiza upya. Pasta amwombee, ni vema, mimi mwenyewe niliombewa. Akilazimishwa kufunga kula siku nyingi au akifungwa kamba, mtoeni siku hiyo hiyo.

Utauliza: atatibiwaje wakati risasi bado zinasikika? Nami niliuliza. Hofu ya risasi ya leo si ugonjwa, ni akili. Tiba haimfanyi asahau kujilinda. Inamsaidia kutofautisha mlio wa leo na ule wa siku ile. Mimi bado nalala chini usiku ukiwa mbaya, lakini asubuhi nafungua mlango.

Usiku akiamka akipiga kelele, usimkamate wala usimguse kutoka nyuma. Washa tochi, simama anapokuona, mwite jina, mwambie ni usiku wa siku gani na yuko nyumba ya nani. Aweke nyayo kwenye sakafu baridi, akutajie vitu anavyoviona chumbani. Usimuulize ameota nini.

Bukavu mna SOSAME, kituo cha afya ya akili, na hospitali ya Panzi ina wanasaikolojia wanaowahudumia walionusurika ubakaji. Hapa Goma tuna Tulizo Letu, nacho ni kituo cha afya ya akili. Kama ni mbali, anzia kituo cha afya cha mtaa, omba msaidizi wa kisaikolojia. Zipo pia dawa za kweli, kwa mfano sertraline, ambazo daktari huandika na zinahitaji wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi. Akianza kusema afadhali afe, msimwache peke yake hata kidogo, mpelekeni leo.

Valium sasa. Inalaza, haitibu, na mwili unaizoea haraka. Ikichanganywa na kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, inaweza kuzuia pumzi. Ila kama amekunywa kwa wiki nyingi, msimnyang'anye ghafla, maana anaweza kupata kifafa. Daktari ataipunguza kidogo kidogo. Siku ya kwanza nenda naye, beba ile karatasi ya vidonge, na useme wazi anakunywa vingapi, tangu lini, na kama anakunywa pombe. Yeye anaweza kuona haya kusema.