Maswali ya Wasomaji: Mnyororo wa Baiskeli Isiyo na Frii

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Mimi ni mkaazi wa Fuoni na kila siku huenda kazini Malindi, hapa mjini Unguja, kwa baiskeli isiyo na frii, ile ambayo pedali zake haziachi kuzunguka maadamu gurudumu la nyuma linazunguka. Niliinunua ikiwa mtumba, nikaifunga mnyororo mpya kabla ya masika, na kila Ijumaa huutia mafuta bila kukosa. Hata hivyo umeshalegea, unakereza, na meno ya sproketi ya nyuma, kile kigurudumu cha meno kinachoshika mnyororo, yameanza kuchongoka. Fundi amelivuta gurudumu nyuma mara tatu, lakini hali inarudi ile ile. Nimekosea wapi?
Msomaji, Fuoni

JIBU: Waalaikumu salamu, ndugu yetu. Hukukosea kwa kutia mafuta; kosa ni kuyatia juu ya uchafu. Mchanga wa barabarani ukichanganyika na mafuta hugeuka uji mweusi unaopenya ndani ya viungo vya mnyororo na kufanya kazi ya msasa, na kila Ijumaa unapoongeza mafuta bila kuosha, unausukuma uji huo ndani zaidi. Ongeza juu yake upepo wa chumvi unaokupiga karibu na bandari, na utaona kwa nini chuma kinaliwa haraka.

Jambo hili ni zito kwako kuliko kwa mwenye baiskeli ya kawaida. Yeye akiacha kukanyaga, mnyororo wake hupumzika. Wako haupumziki, na kila unapolizuia gurudumu kwa miguu, ule upande wa chini, ambao kwenye baiskeli nyingine hauvutwi, ndio unaobeba uzito wa kukusimamisha. Mnyororo wako ni sehemu ya breki, na unastahili kutunzwa kama breki.

Watu husema mnyororo umerefuka, lakini vibao vyake havinyooki. Kinacholika ni pini na matundu yanayozishika, na nafasi ndogo inayopatikana katika kila kiungo, ikijumlishwa viungo vyote, ndiyo huo urefu. Chukua tepu ya chuma, uvute mnyororo kidogo, kisha pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake. Ukiwa mpya utapata inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Ukifika milimita 306.4, ununue mwingine mara moja. Ukifika 308, mnyororo peke yake hautoshi, kwa sababu meno ya sproketi yameshalika kuufuata, na mnyororo mpya juu ya meno mabovu utaharibika upesi. Kwa maelezo yako ya meno yaliyochongoka, nahofia umeshafika hapo. Badilisha mnyororo na sproketi ya nyuma kwa pamoja, na uikague ya mbele.

Baada ya hapo, anza utaratibu mwingine. Vua mnyororo, uloweke ndani ya kopo la mafuta ya taa, uutikise, uusugue kwa mswaki mkuukuu, na urudie kwa mafuta ya taa safi mpaka yasibadilike rangi. Uukaushe kwa kitambaa na uuache usiku kucha ukauke hasa. Ndipo utie tone moja la mafuta juu ya kila kiungo, upande wa ndani, uzungushe pedali polepole, usubiri kama nusu saa, kisha upanguse nje mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu. Mafuta yanayohitajika ni yale yaliyoingia ndani. Yanayobaki nje yanakamata vumbi tu. Mafuta ya cherehani yanafaa wakati wa ukavu, ila huoshwa na mvua, kwa hiyo wakati wa masika tumia mazito zaidi, kama ya injini. Mafuta ya kupikia yaache jikoni, kwani hugeuka gundi. Siku uliyopita penye maji ya bahari, suuza kwa maji matamu na ukaushe kabla ya kulala.

Nakuomba sana usipanguse mnyororo huku gurudumu likizunguka kwa kasi. Katika baiskeli yako kitambaa kikishikwa na meno, gurudumu halisimami, na vidole huvutwa pamoja nacho. Wako waliopoteza ncha za vidole kwa njia hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, ukienda msikitini na kanzu, ipandishe na uifunge vizuri kabla ya kupanda.

Ama kuhusu kukaza, kulivuta gurudumu nyuma si tiba ya mnyororo uliolika. Inua gurudumu, zungusha pedali, tafuta mahali mnyororo unapokaza zaidi, na hapo uache ucheze juu na chini kama sentimita moja. Ukikaza kupita hapo utaua beringi; ukilegeza sana, mnyororo unaweza kuchopoka na kulifunga gurudumu ghafla.

SWALI: Mwanangu, mwenye umri wa miaka 17, ameipeleka baiskeli ya marehemu babu yake kwa fundi akaichomea frii ili isizunguke bure, na sasa huenda nayo skuli. Breki za mbele zimeondolewa. Je, ni salama?
Mama wa Chake Chake

JIBU: Mama yetu, hapana. Frii imefungwa kwa uzi wa skrubu unaokazika mtu anapokanyaga kwenda mbele. Akizuia kwa miguu, nguvu hiyo hiyo inaifungua. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, iliyotengenezwa kwa baiskeli za aina hii ina nyuzi mbili: ya pili ni ndogo zaidi na imekatwa kinyume, na nati yake huizuia sproketi isifunguke. Habu ya baiskeli ya babu haina uzi huo, na kuchomea hakuuleti.

Isitoshe, Pemba ni kisiwa cha vilima. Tuseme baiskeli ina meno 44 mbele na 18 nyuma, na mzunguko wa gurudumu ni mita 2.2, akiteremka kwa kilomita 40 kwa saa, miguu yake italazimika kuzunguka zaidi ya mara 120 kwa dakika, na hawezi kuipumzisha. Frii ikifunguka wakati huo, hana kitu cha kumsimamisha.

Irejesheni baiskeli kwa fundi aifungue hiyo frii iliyochomewa, afunge frii mpya, na arudishe breki za mbele leo hii, hata kabla ya kazi nyingine. Kijana akitaka kweli baiskeli isiyo na frii, atafutiwe gurudumu la nyuma lenye nyuzi mbili, na breki za mbele zibaki.