Maswali Yenu: Mji Unakua, Hela Ni Zile Zile, Tuanzie Wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja, miji midogo inayokua haraka na namna ya kuipangia miaka ya mbele wakati hata bajeti ya mwaka huu inabana. Nimechagua tano. Zilizokuwa zinauliza kitu kile kile nimeziunganisha.

SWALI: Mimi ni diwani, nimeingia kwa mara ya kwanza. Tulipewa masta plani ya miaka 20, ramani nzuri ya rangi, halafu ikaletwa bajeti ya mwaka na hivi vitu viwili havifanani kabisa, yaani kilichopo kwenye ramani hakimo kwenye bajeti na kilichomo kwenye bajeti hakipo kwenye ramani. Nianzie wapi?

JIBU: Mheshimiwa, hongera kwa kusoma zote mbili, maana wengi wanasoma moja tu. Tatizo unaloliona liko miji mingi sana. Masta plani inaandaliwa na watu wa mipango miji, bajeti inaandaliwa na mweka hazina, na mara nyingi hawa hawajawahi hata kukaa meza moja. Kinachokosekana katikati ni mpango wa uwekezaji wa miaka mitano au sita: orodha ya miradi, kila mradi na mwaka wake na hela yake inatoka wapi. Orodha hiyo inapitiwa upya kila mwaka, mwaka wake wa kwanza ndo unaingia kwenye bajeti, na mwishoni unaongezwa mwaka mmoja mwingine. Iulizie kwenye kikao. Kama haipo basi hoja yako ya kwanza umeshaipata.

Sasa hiyo orodha ipangwe kwa kigezo gani, hapo ndo pagumu, na mimi nina msimamo wangu. Chukua kila mradi ujiulize swali moja tu, tukichelewa miaka kumi tunaweza bado kuufanya? Lami inaweza kusubiri. Taa za barabarani zinaweza kusubiri. Jengo jipya la halmashauri linaweza kusubiri sana. Ila ardhi ya barabara yenyewe, njia ya maji ya mvua, bonde, eneo la shule, eneo la makaburi, chanzo cha maji, hivyo vikishajengewa nyumba ndo imetoka hiyo, manake utakuja kulipa fidia kubwa, utashtakiwa, na hata ukishinda kesi bado utakuwa umebomolea familia nyumba waliyoijenga kwa miaka. Hivi visivyorudishika vitangulie, hata kama kwa sasa hela inatosha kupima na kuweka mawe ya mipaka tu.

Na muda sio mwingi kama ramani inavyoonyesha. Chukua namba 70 uigawe kwa asilimia ambayo mji unakua kwa mwaka, unapata takriban miaka ya idadi ya watu kuongezeka mara mbili. Mji unaokua kwa asilimia 5 unakuwa mara mbili ndani ya miaka 14. Ukikua kwa asilimia 7 ni miaka 10. Kwa hiyo ile masta plani yako ya miaka 20, kabla haijaisha mji utakuwa umeshazaa mji mwingine pembeni yake, na huo mpya utakaa ama kwenye mitaa mliyoipima ama popote pale watu walipopata kiwanja.

New York walilifanya hili mwaka 1811, wakati mji wote una watu wasiofika laki moja. Wakachora mitaa kuelekea kaskazini mpaka mtaa wa 155, sehemu kubwa ikiwa mashamba na vilima, na karibu mitaa yote ile ndo inayotumika leo. Lakini angalia walichokisahau, waliacha nafasi ndogo sana za wazi, matokeo yake miaka ya 1850 mji ukalazimika kununua ardhi ya Central Park, ile bustani kubwa ya katikati ya mji, na kuondoa watu kama 1,600 waliokuwa wanaishi pale, wakiwemo Wamarekani weusi waliokuwa na nyumba zao wenyewe na makanisa yao. Barcelona kule Hispania nao, mpango wa upanuzi wa mji uliochorwa na mhandisi Cerdà uliidhinishwa 1859, mitaa ya kawaida ikapewa upana wa mita 20 enzi za mikokoteni ya farasi, na upana huo bado unawafaa mpaka leo. Ila bustani alizozichora katikati ya kila kitalu cha nyumba hazikulindwa, wenye viwanja wakaendelea kujenga ndani mpaka nyingi zikaisha. Kwa hiyo mheshimiwa, kuchora peke yake hakutoshi, lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kukagua mipaka kila mara na mwenye mamlaka ya kusimamisha ujenzi wiki ile ile msingi unapochimbwa, na mshahara wa huyo mtu uwe kwenye bajeti.

Kama unataka kipimo cha kuanzia, UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, wanashauri angalau asilimia 30 ya ardhi iwe ya barabara na mitaa, na angalau kilomita 18 za mitaa kwa kila kilomita moja ya mraba. Watu wakisikia 30 wanashtuka wanaona ni ardhi inayotupwa. Lakini ndani ya hiyo ardhi ndo yanapita mabomba, nyaya, mitaro, njia za waenda kwa miguu, gari la zimamoto.

SWALI: Nina shamba pembezoni mwa mji, nimelirithi kwa marehemu baba. Wapimaji wamekuja wanasema barabara itapita na sehemu itachukuliwa, ila jirani yangu haguswi hata kidogo. Kwa nini mzigo uwe wangu peke yangu?

JIBU: Dada yangu, pole, na una haki ya kuuliza. Haitakiwi iwe hivyo. Mtu mmoja apoteze nusu ya shamba halafu jirani apate kiwanja kilicho kando ya barabara bila kutoa chochote, hiyo ni dhuluma hata kama ramani imesainiwa.

Ipo njia ya zamani ambayo ni nzuri zaidi. Frankfurt ilipata sheria yake ya namna hiyo mwaka 1902, na Wajapani waliitumia sana kuijenga upya Tokyo baada ya lile tetemeko la 1923. Wenye mashamba wa eneo zima wanaweka ardhi yao pamoja, kila mmoja anachangia kwa uwiano, tuseme sehemu ya tano au ya nne, ile iliyochangwa inakuwa barabara, mitaro na sehemu za wazi, saa nyingine na viwanja vichache vya kuuza ili kulipia ujenzi, halafu kila mtu anarudishiwa ardhi yake ikiwa pungufu ila imepimwa, ina barabara, na kwa kawaida thamani yake imepanda kuliko lile shamba zima la mwanzo. Mji nao unakuwa hautoi fidia kubwa, ndo maana njia hii inawafaa wasio na hela nyingi.

Usikubali kwa maneno matupu lakini. Dai kuona hesabu ya nani kachangia kiasi gani, na vigogo wenye ardhi kwenye eneo hilo nao wawemo. Na kabla hujasaini chochote hakikisha karatasi za mirathi ziko kwa jina sahihi, maana ndugu wanaogombania shamba huwa wanakuja kugundua mambo haya wakati zoezi limeshapita.

SWALI: Niko idara ya fedha kwenye manispaa ndogo. Tumepata mfadhili anataka kutujengea ukumbi na uwanja mkubwa wa michezo bure, viongozi wamefurahi sana. Nikiuliza gharama za uendeshaji naonekana mpinga maendeleo. Nifanye nini?

JIBU: Endelea kuuliza, tena kwa maandishi. Ukishapokea jengo, mlinzi ni wako, umeme ni wako, maji, usafi, rangi, paa likivuja ni lako, na yote hayo yanatoka kwenye fungu lile lile linalolipa wazoa taka na mafundi wa mabomba. Jaribu kuwawekea viongozi hesabu ya namna hii. Tuseme jengo lina thamani ya 100, na kuliendesha na kulitunza kunataka 6 kila mwaka. Ndani ya miaka 20 mtakuwa mmetoa 120. Yaani hata ukipewa bure bado unalinunua, na zaidi kidogo. Hizo ni namba za mfano tu, wewe weka za kwako kutoka kwenye majengo mliyonayo tayari, bili zipo hapo ofisini.

Hili ndo jambo ambalo binafsi linaniuma kuliko yote kwenye bajeti za miji. Kujenga kuna sherehe na utepe wa kukata, kuziba ufa kwenye lami hakuna sherehe. Lakini lami ina tabia yake, inakaa vizuri kwa miaka kadhaa, halafu maji yakishaingia kwenye nyufa inaharibika kwa kasi, na barabara ambayo ingeokolewa kwa kuziba nyufa na kuweka tabaka jipya juu inakuja kuhitaji kufumuliwa mpaka msingi, ambayo ni gharama mara nyingi zaidi. Mabomba ni hivyo hivyo. Mji unasema maji hayatoshi tujenge chanzo kipya, kumbe maji mengi yanapotea njiani kwenye mabomba yanayovuja au hayapimwi kabisa kwa sababu mita ni mbovu. Kurekebisha mabomba kwanza mara nyingi ndo maji ya bei rahisi kuliko yote utakayoyapata.

Cha kufanya kwenye manispaa yako, tengeneza daftari la mali, hata kwenye kompyuta ya kawaida: kila barabara, pampu, gari, jengo, lini liliwekwa, lina hali gani, litahitaji kubadilishwa lini. Pampu haiishi muda mrefu kama bomba, bomba linaweza kufika miaka 50 na kuendelea, na gari la taka linachoka mapema kuliko vyote hivyo. Ukishapanga tarehe hizo utaona kuna mwaka fulani mbele ambao vitu vingi vinakufa pamoja. Huo mwaka ndo uuonyeshe baraza la madiwani, na uanze kuweka akiba kuanzia sasa. Kuhusu akiba ya dharura, chama cha maafisa fedha wa serikali cha Marekani na Canada kinashauri angalau miezi miwili ya matumizi ya kawaida. Mji unaotegemea ruzuku zinazochelewa uweke zaidi.

Na huyo mfadhili msimkatae kwa jeuri. Mwombeni sehemu ya hela iwe mfuko wa matengenezo, au uwanja upunguzwe ukubwa. Akikataa vyote viwili, mimi ningeshauri mumshukuru na muuache huo mradi.

SWALI: Mkopo je? Wengine wanasema mji usikope kabisa, wengine wanasema bila kukopa hatutajenga kitu.

JIBU: Kopa kwa kitu kinachodumu kuliko mkopo wenyewe na chenye njia ya kulipa inayojulikana. Bomba kuu la maji la miaka 50 kwa mkopo wa miaka 20, sawa, maana na watakaohamia baadaye watachangia kupitia bili zao. Kukopa ili kulipa mishahara, hapana. Na mikataba yenye riba inayobadilikabadilika na vipengele ambavyo hakuna mtu ofisini anayeweza kuvieleza, msisaini. Kaunti ya Jefferson kule Alabama, Marekani, ilifilisika mwaka 2011, na kiini kilikuwa madeni ya mfumo wa majitaka yaliyozidi dola bilioni 3, mradi ambao ulihitajika kweli ila ukaingiliwa na rushwa na mikataba ya riba iliyolipuka wakati wa msukosuko wa fedha wa 2008.

SWALI: Makadirio ya idadi ya watu yanatofautiana kila ripoti. Tunapangaje miaka 20 kama hata hatujui tutakuwa wangapi?

JIBU: Msipange kwa mwaka, pangeni kwa kiwango. Badala ya kuandika "kituo cha pili cha kusafisha maji kijengwe mwaka fulani", andikeni kwamba usanifu unaanza matumizi yakifika asilimia 75 ya uwezo wa kituo kilichopo na ujenzi unaanza yakifika 85. Asilimia zenyewe mtazirekebisha kulingana na ujenzi unavyochukua muda kwenu. Mji ukikua haraka mnawahi, ukipoa mnasubiri na hamjapoteza kitu. Maana mji unaweza hata kupungua, Detroit kule Marekani ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950, ilipofilisika 2013 walikuwa hawafiki laki saba, ila mabomba na barabara na pensheni vilikuwa bado ni vya ule mji mkubwa.

Ardhi tu ndo msiisubirishe kwa mtindo huu, hiyo itengeni kwa lile kadirio kubwa kuliko yote. Mkikosea kwa kutenga nyingi, hasara yake ni shamba litakaloendelea kulimwa miaka michache zaidi.

Vingine pimeni kila robo mwaka kwa vitu mnavyovishika wenyewe: mita mpya za maji zilizofungwa, vibali vya ujenzi, watoto walioandikishwa darasa la kwanza. Hizo namba tatu zinatembea mbele ya sensa, na karani mmoja anaweza kuzikusanya.